Shaushi wa Ukutani: Askari wa Nani?

Picha ililetwa kwa WhatsApp, na ujumbe wa sauti ukafuata nyuma yake. "Shikamoo mzee. Huyo ni babu yake baba. Alikuwa askari wa Mjerumani hapa Tabora, ukoo mzima unamwita Shaushi. Tunaomba utusaidie kujua alikuwa kampani gani." Kijana alikuwa ameipiga ikiwa bado ndani ya fremu, ukutani, na mwanga wa dirisha umekata kioo kuanzia begani hadi kiunoni.

Mtu mwenyewe amesimama wima, bila tabasamu, kama watu wote wa picha za zamani waliokuwa wakiambiwa wasitikisike. Kofia ndefu ya khaki yenye kitambaa cha kufunika kisogo. Shati la khaki lenye mkanda kiunoni, kaptula, vitambaa vilivyoviringishwa kutoka vifundo vya miguu hadi chini ya magoti, na chini ya hapo nyayo tupu. Bunduki imesimamishwa ubavuni. Amegeuka kidogo, kwa hiyo mkono mmoja tu ndio unaoonekana vizuri, na juu yake kuna tepe mbili zenye umbo la V.

Kwa picha iliyotoka Tabora, swali la "askari wa nani" si la kujibu haraka. Mjerumani alikuwa na boma pale, na reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1912. Tarehe 19 Septemba 1916 mji ukatekwa na jeshi la Kongo la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur, ambaye baadaye alipewa cheo cha baroni chenye jina la Tabora ndani yake. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakauachia mji kwa Waingereza. Halafu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, askari wa mwisho wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, waliosalimu amri Abercorn (Mbala ya leo, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, waliletwa Tabora hiyo hiyo wakakaa kambini kama mateka. Kwa hiyo ndani ya miaka mitatu mji mmoja uliona askari Waafrika wa majeshi matatu, wote wamevaa khaki, wengi wao wanazungumza Kiswahili, na si ajabu baadhi yao walipita mbele ya mpiga picha yule yule.

Nami nikajibu haraka. Naandika hili kwa sababu kosa langu ndilo lililofungua kisa chenyewe. Niliangalia tepe: mbili, mkono wa kushoto. Askari wa Mjerumani walivaa tepe za cheo mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Moja ni ombasha, mbili ni shaushi, tatu ni bashaushi, nne ni soli. Ukoo unamwita Shaushi, picha ina tepe mbili, mkono wa kushoto. Nikaona mambo yamekaa sawa, nikamwandikia kijana kwamba ndiyo, ni shaushi wa Mjerumani, kampani tutaitafuta. Nikaenda kulala.

Kesho yake nikaifungua tena kwenye kompyuta, nia yangu ikiwa kuondoa mng'aro wa kioo tu. Hapo ndipo rangi ya tepe iliponisumbua.

Tepe za Mjerumani zilikuwa nyekundu. Sasa, filamu na vioo vya kupigia picha vya wakati ule, vile vinavyoitwa othokromatiki, havikuiona rangi nyekundu. Kitu chekundu kilitoka cheusi kabisa, na kitu cha buluu kilitoka cheupe-cheupe. Ndiyo maana tarbushi nyekundu kwenye picha za zamani huonekana kama imechovywa kwenye wino, na anga la buluu huwa tupu kama karatasi. Anayetazama picha ya nyeusi na nyeupe kwa macho ya leo hudanganyika kirahisi, kwa sababu hudhani weusi wa pale ni weusi wa kitambaa. Tepe za huyu bwana zilikuwa zimepauka kuliko shati lenyewe. Tepe nyekundu haiwezi kupauka hivyo mbele ya kioo cha mwaka 1917. Zingekuwa nyeusi tititi.

Nikashuka kwenye bunduki. Mbele ya kifyatulio kuna kisanduku cha risasi kinachochomoza chini, na mbao zimefika mpaka mdomoni pa mtutu, pua butu. Hiyo ni Lee-Enfield fupi ya Kiingereza. Ile bunduki ya zamani ya Mjerumani, modeli ya 71, iliyokuwa mikononi mwa askari wake wengi vita vilipoanza, haina kisanduku, na mtutu wake unatokeza mbele ya mbao. Lakini hapa lazima niseme jambo ambalo watu wengi wa fani hii ya kusoma picha za zamani hulisahau: bunduki ni ya yule aliyeishika siku hiyo. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliokota mamia ya bunduki za Kiingereza na risasi 600,000. Waliposalimu amri miaka minne baadaye, bunduki walizokabidhi, zaidi ya 1,000, zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Ukimpanga askari kwa bunduki peke yake, von Lettow-Vorbeck mwenyewe utamweka jeshi la Mfalme George.

Bunduki haikunipa jeshi, ila ilinipa kitu kingine bora zaidi. Mkono wa komeo, ule unaovutwa kuingiza risasi, ulikuwa upande wa kushoto.

Bunduki za aina hiyo komeo lake liko kulia, kwa sababu jeshi lilimfundisha kila mtu kupiga kwa bega la kulia. Nikarudi kwenye shati: kifuani upande wa kulia umelala juu ya wa kushoto, kama blauzi ya mwanamke. Nikatafuta ala ya singe, kile kisu cha bunduki, nikaipata kiunoni upande wa kulia, wakati askari huivaa kushoto. Vitu vitatu, vyote vimehama upande. Picha nzima ilikuwa imegeuzwa kama kwenye kioo.

Nikaigeuza. Mtu ni yule yule, ila sasa komeo liko kulia, shati limefungwa kiume, singe iko kushoto, na tepe mbili ziko mkono wa kulia. Mjerumani hakuzivaa huko. Jibu langu la jana likaanguka lote kwa mpigo mmoja, na nikalazimika kumpigia kijana simu.

"Mzee, lakini picha hiyo imekaa ukutani tangu sijazaliwa."

Nikamuuliza kama ile ya ukutani ndiyo ya asili. Akaenda kuuliza, akarudi na jibu: hapana. Miaka ya themanini baba yake aliipeleka picha ndogo studio, ikapigwa upya na kukuzwa, na ile kubwa ndiyo ikawekwa fremu. Basi. Fundi wa chumba cha giza aliweka negativu nyuma-mbele kwenye mashine ya kukuzia, na kwa kuwa mtu aliyesimama hana maandishi usoni, hakuna aliyegundua. Kwa miaka arobaini ukoo umekuwa ukimtazama mzee wao kwa upande ambao yeye mwenyewe aliuona kwenye kioo cha kunyolea tu. "Na ile ndogo?" Ndogo iko kwenye kopo la biskuti, kwa mzee, yaani baba yake, pamoja na risiti za kodi.

Ililetwa Dar na mtu aliyekuwa anakuja kwa treni. Kadi ya posta, pembe moja imeliwa na mende, na nyuma yake imechapwa kwa Kiingereza neno la kadi ya posta na mstari wa kugawa anwani na ujumbe. Hakuna muhuri wa studio wala mwandiko. Kadi za Kiingereza ziliuzwa Unguja na Mombasa hata kabla ya vita, kwa hiyo mgongo huo ni dalili nyepesi, lakini ni dalili.

Kwenye kadi ndogo picha ilikuwa kali kuliko ile kubwa mara kadhaa. Nilipoiskani na kuikuza, kofia ikaonyesha vitu viwili. Cha kwanza ni kile ambacho hakipo: tai wa Mjerumani, wa madini meupe, aliyekaa mbele ya tarbushi ya askari wake. Kukosekana kwa kitu si ushahidi kamili, kwani beji hupotea porini, ila nilitafuta hata kivuli chake, matundu, nyuzi zilizochanika, sikuona. Kaptula nayo ikaongeza uzito. Askari wa Mjerumani wa kabla ya vita alivaa suruali ndefu iliyofungwa miguuni, na viatu. Wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, alivaa kaptula, na wengi wao walitembea peku hata kwenye gwaride. Miguu mitupu yenyewe isikushawishi sana. Kufikia 1917 askari wengi wa Mjerumani nao walikuwa peku, viatu vimekwisha na meli za kuleta vingine hazipo.

Kwa upande wa Wabelgiji, askari wa Kongo sikumtoa kwa dalili moja. Nilimtoa kwa rundo: bunduki yake ya kawaida ilikuwa Albini au Mauser ya Kibelgiji, kadi ni ya Kiingereza, na ukoo haukumbuki hata neno moja la Kongo. Huyu ni askari wa Keya. Hapo nilikuwa na hakika.

Ila kile kitu cha pili kwenye kofia ndicho kilichotuchelewesha wiki nzima. Ubavuni mwa kofia kuna alama ndogo ya kitambaa iliyoshonwa, imefumka upande wa juu. Baadhi ya vikosi vya Keya vilivaa namba ya kikosi kwa tarakimu za Kiarabu. Nilimtumia kijana kipande hicho, naye akakitawanya kwenye kundi la ukoo, na majibu yakaja matatu.

Mwalimu wa madrasa, ambaye alikuwa ameizoea picha ya ukutani na kuitazama hiyo, alisema ni mbili, ٢. Kikosi cha pili cha Keya kilikuwa cha watu wa Nyasa, Malawi ya leo. Mnyamwezi anatafuta nini huko? Vijana wa ukoo, walioletewa kadi ndogo, wakasema ni saba, 7, haina hata mjadala. Kikosi cha saba kipo kweli, kiliundwa mwaka 1917 kutokana na askari wa Unguja na Mafia. Mzee mwenyewe, mwenye kopo la biskuti, aliyesoma juzuu zake utotoni, akatazama kadi ile ile ya vijana akasema: "Hiyo ni sita."

Wote walikuwa na haki yao. Sita ya Kiarabu, ٦, ukimpa mtu aliyesoma shule tu ataiita saba. Ukiigeuza kwenye kioo, inakaribia kuwa mbili. Alama moja ya uzi, vikosi vitatu, kutegemea umesomea wapi na unatazama picha ipi. Sijawahi kuona kitu kama hicho.

Na sita ndiyo iliyokuwa tamu mno. Mwaka 1914 Keya ilikuwa na vikosi vitatu tu, na vita vilipokwisha vilikuwa vimefika 22. Watu walitafutwa kila upande, na mwaka 1917 kikosi cha sita, ambacho kilikuwa kimevunjwa kabla ya vita, kilifufuliwa kwa kuandikisha askari wa Mjerumani waliokuwa wametekwa. Walikuwa wanajua gwaride, wanajua pori, na hawakuhitaji kufundishwa kulenga. Kikosi hicho ndicho kilichobaki kuwa jeshi la Tanganyika hadi 1961, kilipogeuzwa kuwa Tanganyika Rifles. Ikiwa Shaushi alikuwa wa kikosi cha sita, basi maneno ya ukoo na picha havigombani hata kidogo: alikuwa askari wa Mjerumani, na picha ni ya Keya.

Pale Dar es Salaam, mahali iliposimama sanamu ya Wissmann, kamanda wa Mjerumani, enzi zao, na askari wake chini yake, ndipo Mwingereza alipokuja kusimamisha Sanamu ya Askari mwaka 1927, askari wa Keya. Nimepita hapo maisha yangu yote nikiwahesabu kama watu wawili tofauti.

Nikampigia mzee simu moja kwa moja.

"Mzee wangu, huyo babu, wewe ulimkuta?"

"Nilimkuta vizuri. Alikufa mimi nina miaka kama kumi na miwili."

"Aliwahi kusema alimtumikia Mwingereza?"

Akanyamaza kidogo. "Alikuwa hasemi vita. Alikuwa anahesabu mbuzi. Jioni wakiingia zizini, anahesabu: ains, zwai, drai. Sisi tulidhani ni dawa."

Hesabu hiyo ya mbuzi, moja, mbili, tatu ya Kijerumani, kwangu ilikuwa na uzito kuliko kofia. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa wazee waliokuwa askari wake, na husimuliwa kwamba siku ya malipo Mwanza walikuja wazee mia tatu na zaidi, wachache sana wakiwa na karatasi. Aliyetumwa kulipa akampa kila mzee ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyekosea. Huenda kisa hicho kimepambwa njiani kama visa vyote vizuri, ila naelewa kwa nini kinasimuliwa. Kilichofundishwa mwilini hakivuliwi na shati.

Jina nalo lina neno la kusema. Ombasha na shaushi ni maneno ya jeshi la Misri, na Wasudani waliyaleta pande zote mbili: kwa Wissmann mwaka 1889, na kwa Waingereza wa Uganda miaka miwili baadaye. Kwa hiyo neno tupu halimtaji bwana wake. Lakini cheo na tepe vinataja. Tepe mbili kwa Mjerumani ni shaushi. Kwa Keya tepe mbili ni koplo, na koplo angeitwa ombasha, si shaushi. Jina alilobaki nalo mpaka kaburini linakubaliana na hesabu ya tepe za Mjerumani, wakati tepe zenyewe kwenye picha ni za Mwingereza. Kama nimesoma vizuri, picha inamwonyesha siku ambayo alikuwa amepewa tepe zile zile mbili na jeshi lingine, lenye jina lingine la cheo, na nyumbani hakuna aliyejali kubadilisha.

Kijana alitaka niandike "Kikosi cha 6, Keya" ili wachonge kwenye kibao cha kaburi. Nikamkatalia. Nilimwandikia hivi: askari wa Keya, kati ya 1917 na mwisho wa vita, kwa hakika; aliwahi kuwa askari wa Mjerumani, kwa maneno ya ukoo, jina na hesabu ya mbuzi, nayaamini; kikosi cha sita, inaelekea sana, ila sijaona picha ya askari mwingine anayejulikana kuwa wa kikosi hicho, wa miaka hiyo, mwenye alama kama hiyo ubavuni mwa kofia. Uzi uliofumka hauchongwi kwenye saruji.

Akakasirika kidogo, kisha akauliza swali la maana: je, kuna kitu kingine kinachoweza kumaliza ubishi?

Kipo. Askari wa Keya walipewa nishani ya vita ya Mwingereza, ya fedha, kubwa kama kifuniko cha soda au zaidi kidogo, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja na utepe wa rangi ya chungwa katikati, kisha nyeupe, nyeusi na buluu pembeni. Watu hutazama uso wake. Cha kutazama ni ukingo. Kwenye ukingo, kwa herufi ndogo zilizogongwa, kuna namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Kwenye picha hana nishani kifuani, jambo linalotarajiwa, maana ziligawiwa baada ya vita. Nikamwambia aulize wakubwa kama kuna sarafu ya fedha yenye tundu au kishikizo juu, yenye kichwa cha mfalme.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, safari hii kutoka kwa mzee mwenyewe. Utepe upo. Uko kwenye kopo lile lile, umefungia risiti, na rangi ya chungwa bado inaonekana ukiukunjua. Nishani ilipelekwa kwa sonara Tabora mjini mwaka alioolewa dada yake, ikayeyushwa.

"Shangazi wa watoto anazo mpaka leo," akasema. "Hereni. Zile kubwa, za kuning'inia. Nikutumie picha?"

Nikamwambia atume.